PhD iko mkononi, MD-PhD iko kwenye foleni: kisa cha siku kumi na mbili

Tarehe 3 Aprili usiku nimeshalala, simu inalia, ni dada mmoja wa maabara ya jirani, anasema kaka samahani kwa kukuamsha ila nina siku kumi na mbili tu na kichwa kimegoma. Nikajua tu ni mambo ya vyuo, manake mwezi huo huku Marekani kila aliyeomba shule ana wenge.

Hali yake ilikuwa hivi. Ana miaka 24, digrii ya kwanza ya baiolojia, amefanya kazi miaka miwili kwenye maabara inayotafiti sikoseli, yaani yeye ndo wa kukuza seli, kulea panya, kupima damu, kila kitu. Msimu wa maombi akaomba njia mbili kwa mpigo: PhD ya kawaida ya sayansi ya tiba, na ile MD-PhD ambayo unasoma udaktari wa tiba na utafiti humohumo. PhD kapata, tena chuo kizuri na profesa anayemtaka. MD-PhD wamemweka kwenye orodha ya kusubiri. Sasa PhD wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, hiyo ni tarehe ambayo vyuo vingi huku vimekubaliana kwa wanafunzi wa uzamivu wanaopewa ufadhili, lakini upande wa udaktari waombaji wenye nafasi zaidi ya moja wanatakiwa kubaki na moja ifikapo tarehe 30 Aprili, kwa hiyo foleni ya kusubiri inaanza kusogea vizuri wakati tarehe yake ya PhD imeshapita. Wiki mbili tu zimekaa vibaya, na mtu anatakiwa aamue maisha katikati yake.

Akaniuliza swali ambalo kila mtu anauliza, ipi bora? Nikamwambia njoo kesho mchana, swali la saa tano usiku halijibiki.

Kabla sijaendelea nikiri upendeleo wangu, mimi ni PhD mtupu, sikusoma udaktari, na nafanya kazi kama mtafiti kwenye maabara ya mtu mwingine, sio profesa. Kwa hiyo nikisema PhD inatosha, wewe chuja.

Kwa wasiojua hii MD-PhD ni mnyama gani, taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, ilianza kuifadhili mwaka 1964 kwa vyuo vitatu tu, leo viko zaidi ya 50 vyenye ufadhili huo, na viko vingine vinajilipia vyenyewe. Lengo lilikuwa kupata watu wanaoweza kukaa na mgonjwa asubuhi na mchana wakakaa na darubini. Mpangilio wa kawaida unaanza na miaka miwili ya darasani ya udaktari, unatoka unaingia maabara miaka mitatu, minne, wengine mitano, unaandika tasnifu, halafu unarudi kumalizia miaka miwili ya wodini. Jumla kama miaka 8, wengi wanazidi. Ada hulipi, na unapewa posho, vyuo vingi siku hizi ni dola 40,000 hivi kwa mwaka, kuna zaidi kuna pungufu. PhD ya kawaida nayo ada hulipi na posho ni ileile au karibu, ila inaisha miaka mitano hadi sita. (Na kama huna uraia wala green card jua mapema, zile nafasi zinazolipwa na NIH kwenye MD-PhD ni za raia na wakazi wa kudumu, mwanafunzi wa nje anapata milango michache sana, wakati PhD iko wazi zaidi. Huyu dada ana green card kwa hiyo hilo halikuwa tatizo.)

Kesho yake akaja na karatasi ameandika sababu. Upande wa MD-PhD ana tatu. Ya kwanza, udaktari bure. Ya pili, usalama, utafiti ukigoma nitatibu. Ya tatu, nataka kuwa karibu na ugonjwa wenyewe sio panya tu. Upande wa PhD kaandika mistari miwili: muda, na huyo profesa. Ukiangalia tu karatasi unaona MD-PhD imeshinda tatu kwa mbili, lakini sababu hazihesabiwi kama magoli.

Ya bure tuliimaliza haraka. Ni kweli mwanafunzi wa udaktari anayekopa huku anamaliza na deni la kama dola 200,000, kwa hiyo kusamehewa ada kunaonekana ni zawadi. Lakini daktari wa kawaida anamaliza shule miaka minne, wa MD-PhD minane. Ile minne ya ziada mwenzako anaanza kulipwa mapema, na akishakuwa bingwa mshahara wa miaka michache unalimeza lile deni. Kama kinachokuvuta ni kutokulipa, nenda udaktari peke yake, na siku hizi kuna shule za udaktari zimeondoa ada kabisa, New York University mwaka 2018, Albert Einstein mwaka 2024. Kusoma PhD nzima ili ukwepe ada ni sawa na kujenga ghorofa ili upate kivuli. Akacheka, akaikata sababu ya kwanza mwenyewe kwa kalamu.

Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ina ukweli ndani yake, na mimi mwenyewe miaka ambayo granti, yaani hela za utafiti, zinakataliwa nimewahi kuwaonea wivu madaktari. Nafasi za uprofesa ni chache, watu wenye PhD wanakaa kwenye postidoki, yaani kazi ya muda ya utafiti kwenye maabara ya mtu mwingine baada ya PhD, miaka minne, mitano, wengine wanahamia kwenye kampuni za dawa, na hakuna aibu hapo ila sio wote walipanga hivyo. Mwenye MD ana pa kukimbilia. Ila nikamuuliza, hiyo bima inaanza kulipa lini? Akasema nikimaliza miaka minane. Hapana bana! Shahada ya MD mkononi haikuruhusu kutibu peke yako, lazima upite residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka mitatu mpaka saba kutegemea na fani. Kwa anayetaka magonjwa ya damu ya watu wazima ni tiba ya ndani miaka mitatu halafu damu na saratani mingine mitatu. Kuna njia ya mkato kwa watafiti, bodi ya tiba ya ndani inakuruhusu ufupishe ile mitatu iwe miwili, lakini wanaongeza mitatu ya utafiti kwa hiyo jumla haipungui. Tukapiga hesabu kwenye kibao: PhD anamaliza akiwa na 30, postidoki, akiwa na 34 au 35 anatafuta maabara yake. MD-PhD anamaliza shule ana 32, residensi na ubingwa mpaka 38 au 39, ndo anaanza kujenga maabara. Bima ipo, ila unailipia miaka kumi na minne kabla haijakusaidia, na anayeingia kwa kuogopa kushindwa atakuwa na muda mrefu sana wa kuogopa.

Hapo nilidhani nimemaliza kazi. Nikamwambia chukua PhD, usisumbuke, na nilimwambia kwa ile sauti ya mtu anayejua. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Kaka, nikiwa na PhD naweza kumpa mgonjwa dawa ninayoijaribu?"

Huwezi. Majaribio ya dawa kwa binadamu unaweza kuyabuni, kuyaandikia protokali, kuchambua data yake, lakini maamuzi ya kitabibu juu ya yule mgonjwa lazima yawe mikononi mwa daktari mwenye leseni. Na yeye ndoto yake haikuwa ya panya, ni ya watu wenye sikoseli wapone. Nikaona nimekimbilia jibu langu kabla ya kulisikia lake. Kwa hiyo sababu ya tatu ndo ilikuwa kesi yenyewe na tukakaa nayo siku tatu.

Uzuri ni kwamba ugonjwa anaoutafiti unajibu hili swali vizuri kuliko mawaidha yangu, ukifuatilia nani aligundua nini. Aliyeuandika kwa mara ya kwanza kwenye jarida la kitabibu Marekani, mwaka 1910, ni James Herrick, daktari wa Chicago, baada ya msaidizi wake kuona seli za damu zenye umbo la mundu kwa mgonjwa wao. Hapo ni daktari mtupu. Mwaka 1949 ndo ikaonyeshwa kuwa shida iko kwenye molekuli ya hemoglobini yenyewe, kazi ya Linus Pauling, mkemia ambaye hakuwa daktari, lakini aliyefanya vipimo vyenyewe ni Harvey Itano, aliyekuwa ameshamaliza udaktari wa tiba halafu akaja kwa Pauling kusomea PhD. Yaani MD-PhD ilikuwepo miaka 15 kabla ya ufadhili wa 1964, mtu aliitengeneza mwenyewe kwa miguu yake. Katikati hapo, 1948, kuna daktari wa watoto anaitwa Janet Watson aliyegundua kuwa damu ya vichanga wenye sikoseli haina mundu nyingi, akahisi ni kwa sababu bado wana hemoglobini ya tumboni, ile ya mtoto akiwa tumboni mwa mama. Hii huwezi kuiona ukiwa na panya, inabidi uwe na vichanga mbele yako.

Ikapita miaka 60. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, akiwa bado mwanafunzi wa MD-PhD, kwenye maabara ya Stuart Orkin, wakaonyesha kuwa jeni inaitwa BCL11A ndo inayoizima ile hemoglobini ya tumboni mtoto akikua. Orkin mwenyewe ni MD bila PhD! Halafu 2012 mkasi wa CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni, ukatoka kwa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, wote PhD, wala hawakuwa wanawaza sikoseli, walikuwa wanasoma kinga ya bakteria. Ukiunganisha mkasi na ile jeni unapata Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa wagonjwa wa sikoseli wa kuanzia miaka 12.

Nikamwambia sasa tafuta kiti chako humo. Sikumwambia "kila mtu ana mchango wake" manake hiyo haimsaidii mtu mwenye tarehe 15 shingoni. Nilitaka aseme, kati ya hao wote, ni asubuhi ya nani angependa kuamka nayo. Ya Watson wodini anahesabu seli za vichanga, ya Sankaran anapekua jeni, ya Doudna na bakteria wake, au ya yule daktari ambaye jina lake halipo popote aliyemtundikia mgonjwa mfuko wa kwanza wa dawa?

Akasema Sankaran. Nikasema huyo ni MD-PhD. Akasema ndio, ila kile alichofanya mwaka ule angeweza kukifanya mtu wa PhD. Hapo nikanyamaza mimi.

Akanielezea kitu. Ili uombe udaktari huku lazima uwe umekaa kliniki ukiwatazama madaktari, yeye alikuwa na masaa kama sitini kwenye kliniki ya sikoseli. Alikumbuka wagonjwa wawili wa umri mmoja wenye jeni ileile, mmoja analazwa kwa maumivu kila baada ya miezi michache, mwingine hajawahi kulazwa. Daktari kawahudumia wote vizuri, kaandika dawa, kaenda chumba kinachofuata. Yeye huyu dada alibaki kwenye korido anajiuliza kwa nini hawa wawili hawafanani, na alipofika nyumbani alifungua kompyuta akasoma mpaka saa nane usiku. Nikamuuliza, na yule aliyekuwa na maumivu, ulitaka kurudi kumwona anaendeleaje? Akafikiri. Akasema, "Nilitaka damu yake."

Tulicheka sana, lakini alilisema kwa aibu kama mtu aliyekamatwa. Nikamwambia hakuna ubaya hapo, wagonjwa wanahitaji na watu wanaotaka damu yao kuijua.

Ili nisiwe namsukuma upande wangu tena nikampeleka kwa rafiki yangu mmoja aliyemaliza MD-PhD, sasa ana maabara yake ndogo na siku moja kwa wiki yuko kliniki. Hiyo ndo ratiba wanayoiita themanini kwa ishirini, utafiti asilimia 80 tiba 20, na hata granti ya NIH ya kuwaanzisha madaktari watafiti, K08, inadai uwe na angalau asilimia 75 ya muda wako kwenye utafiti (wa upasuaji wanapunguziwa). Jamaa hakuficha. Kasema sehemu mbaya kuliko zote ni ule mwaka wa kurudi wodini, unakuta majaribio yako ndo yameanza kujibu, panya wamezaana vizuri, na wewe unatakiwa uyakabidhi kwa mwingine ukakariri dozi za dawa na watoto wadogo kwako miaka minne ambao wana kumbukumbu mbichi. Halafu residensi unakaa mbali na maabara miaka, fani yako inakimbia, ukirudi mbinu ulizozijua zimekuwa za kizee. Dada akamuuliza sasa kwa nini ulikubali? Akasema, "Nikikaa wiki mbili bila kuona mgonjwa nakuwa kama nimefungiwa ndani. Siku yangu ya kliniki ndo inanipa pumzi ya zile nne za maabara."

Kwangu hiyo ndo sentensi ya kesi nzima. Yule jamaa hatibu ili apate maswali, anatibu kwa sababu bila kutibu hayuko sawa. Dada angekuwa amesema kitu cha namna hiyo ningemwambia iache PhD ipite, ngoja foleni, ikigoma omba tena mwakani, mwaka mmoja ni mdogo kwenye miaka kumi na minne. Kuingia PhD huku moyo uko wodini kunazaa watu wanaokuja kuanza udaktari wakiwa na miaka 31, na hapo hakuna wa kuwalipia ada. Wapo, nawajua, na wengine wamefurahi tu, lakini ni njia ya gharama.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaisahau, udaktari peke yake halafu utafiti, kama Orkin. Joseph Goldstein na Michael Brown waliopata Nobel 1985 kwa kolesteroli wote ni MD bila PhD. NIH ina mpango wa kulipa mpaka dola 50,000 kwa mwaka za mkopo wa shule kwa daktari anayejitoa kwenye utafiti. Kwake haikufaa kwa sababu hakuwa na nafasi ya udaktari peke yake mkononi, kwa hiyo hatukupoteza muda hapo.

Kuhusu ile hofu ya kutoweza kumpa mgonjwa dawa, tulimalizana nayo kwa mfano mmoja. Katalin Karikó, PhD ya baiokemia, na Drew Weissman, MD-PhD, walikuwa chuo kimoja Pennsylvania, wakakutana kwenye mashine ya kutolea kopi, mwaka 2005 wakatoa ile kazi ya mRNA iliyofungua njia ya chanjo za Korona, 2023 wakapewa Nobel ya tiba pamoja. Ila mfano huu una kisu upande wa pili, Karikó miaka ya tisini alishushwa cheo kwa kukosa granti, na hakuwa na kliniki ya kukimbilia. Nikamwambia nakupa yote mawili usije ukasema sikukwambia.

Tarehe 11 alipiga simu ofisi ya MD-PhD kuuliza yuko nafasi ya ngapi. Wakamjibu kwa upole kabisa kuwa hawapangi kwa namba. Tulikuwa tumeshakubaliana kitu kimoja, kwamba asikubali PhD tarehe 14 huku jicho moja liko kwenye foleni, yaani achukue nafasi halafu Mei akipigiwa simu awageuke. Wapo wanaofanya na wanasema ni biashara, mi naona profesa amekutengea hela na kiti, kuna mtu mwingine amenyimwa kwa ajili yako. Ama unakubali na kutoka kwenye foleni, ama unakataa na kusubiri.

Tarehe 14 asubuhi akanitumia meseji ndefu. Nilitegemea aandike habari ya miaka kumi na minne au ya mwaka wa kurudi wodini. Wala. Alisema usiku alifungua tena insha zake za MD-PhD, wanadai mbili juu ya ile ya kawaida ya udaktari, moja ya kwa nini unataka vyote viwili na moja ya utafiti wako. Kompyuta imetunza kila toleo. Ile ya utafiti aliiandika mara moja, kwa kikao kimoja, akarekebisha nukta na mkato. Aya ya mgonjwa kwenye ile nyingine aliiandika mara kumi na moja, na kila toleo mgonjwa amebadilika kidogo, mara analia, mara anamshika mkono. "Hakunishika mkono, kaka," kaandika. "Niliweka tu kwa sababu ilionekana inatakiwa."

Saa nne akakubali PhD, saa nne na robo akaandika kujitoa kwenye foleni. Ofisi wakamjibu mistari miwili, asante na kila la heri.

Kabla ya Agosti alimwandikia profesa wake mpya akaomba Alhamisi awe anakwenda kliniki ya sikoseli ya hospitali ya chuo, sio kwa alama, kukaa tu. Profesa akamuunganisha na daktari wa pale. Daktari akasema karibu, ila usimame nyuma na usiguse faili. Sasa anaenda na kidaftari, na juzi kanitumia picha ya ukurasa wake, wagonjwa kumi na wanne wenye jeni ileile, mbele ya kila mmoja kaandika mara alizolazwa, na pembeni alama ya kuuliza kubwa kuliko maandishi.